Majina ya Nyuma ya Jalada

Hoja iliyowekwa mezani ilikuwa hii: mtu mwenye saa chache tu za kusikiliza jazz kwa wiki ana sababu gani ya kuziacha santuri zinazosifiwa dunia nzima, akahangaika na albamu ambazo hata huko Marekani na Ulaya zilikorekodiwa zilipita bila kusikika? Waliojibizana ni watatu. Mtangazaji anaendesha kipindi cha jazz cha saa moja redioni kila Jumapili usiku. Ndiye aliyeileta hoja, na alikuja na jibu lake tayari. Mwimbaji amefanya kazi kwenye mahoteli na kumbi za Dar es Salaam kwa miaka mingi. Mzee ni mpiga kanuni wa taarab, Mzanzibari, aliyeingia katika jazz ukubwani. Mimi niliandika waliyoyasema, na penye haja nimetia neno langu. Sikukaa katikati: naamini kwamba albamu nyingi zilizopotea zilipotezwa, na kwamba njia ya kuzifikia ipo wazi kwa yeyote atakayejali majina ya wapigaji.

MTANGAZAJI: Shikamoo, Mzee. Dada, habari za kutwa. Naanza bila kuzunguka. Wakati ni chekeche. *Kind of Blue* ya Miles Davis ilitoka mwaka 1959 na mpaka leo haijaacha kusikilizwa. Kila siku kuna mtu anaisikia kwa mara ya kwanza na kushangaa. Miaka hiyohiyo zilitoka albamu chungu nzima ambazo hazitajwi na mtu. Mimi nina saa moja kwa wiki. Msikilizaji wangu anarudi kutoka zamu, au anapiga pasi sare za watoto za Jumatatu. Kwa nini nimpe makapi?

MZEE: Marahaba, mwanangu. Umeanza kwa kutukana, lakini endelea.

MWIMBAJI: Mwache, Mzee, nitamjibu mimi. Kaka, chekeche halijitikisi lenyewe. Kuna mtu kalishika, na mara nyingi mtu huyo hata hakuisikiliza santuri anayoitupa. Unamjua Sathima Bea Benjamin?

MTANGAZAJI: Jina nimelisikia.

MWIMBAJI: Umelisikia, wala redioni kwako hujampiga. Sathima alikuwa mwimbaji wa Cape Town, aliyeondoka Afrika Kusini ya makaburu akaishi Uswisi na mwenzake, mpiga piano Dollar Brand, ambaye leo tunamwita Abdullah Ibrahim. Mwaka 1963 Duke Ellington alikuwa Zurich. Sathima akamfuata, akamsihi aje kuisikiliza trio ya Dollar Brand kwenye klabu yao. Ellington akaenda, akasikiliza, akamtaka na Sathima mwenyewe aimbe. Wakati ule Ellington alikuwa na ruhusa ya kutafutia wasanii kampuni ya Reprise, ile ya Frank Sinatra. Muda si mrefu wote wakawa studio Paris. Tarehe 24 Februari Sathima akarekodi albamu nzima. Nyimbo mbili piano kapiga Ellington mwenyewe, nyingine kapiga Billy Strayhorn, zilizobaki Dollar Brand. Fidla kapiga Svend Asmussen wa Denmark, naye karibu muda wote ameweka upinde chini, anadonoa nyuzi kwa vidole.

MZEE: Kama udi.

MWIMBAJI: Ndiyo, na sauti yake inakaa kando ya sauti ya Sathima bila kuifunika. Basi, albamu ya trio ikatoka, Ellington akiitambulisha kwa jina lake. Ya Sathima kampuni ikaiona haitauzika, ikawekwa. Binti wa miaka 26 aliyeimba mbele ya Ellington na Strayhorn hakuwa na kitu cha kumwonyesha mtu. Kilichoiokoa ni kwamba fundi mitambo wa studio, Gerhard Lehner, alibaki na nakala ya kanda. *A Morning in Paris* ilitoka mwaka 1997, baada ya miaka 34. Sathima mwenyewe ameshafika miaka 60. Sasa niambie, kaka, hapo wakati ulichekecha nini?

Mtangazaji alinyamaza kidogo. Ningependa msomaji aitafute albamu hiyo kabla ya kuendelea kumpima Sathima, kwa kuwa ubora wake ni wa aina ambayo maneno hayaufikishi. Sathima anaimba polepole kuliko unavyotarajia, hapandishi sauti kutafuta makofi, na kila neno analiachia nafasi ya kutosha. Inaeleweka kwa nini mfanyabiashara wa mwaka 1963 hakujua aiuzie nani. Lakini kutouzika ni jambo moja na kutostahili kusikilizwa ni jambo jingine, na hoja ya chekeche inayachanganya hayo mawili.

MTANGAZAJI: Huyo ni mwimbaji, dada. Waimbaji wameonewa siku zote. Makampuni yanatazama sura, nguo, soko. Mpiga ala hupimwa kwa vidole vyake. Mpiga saksafoni mzuri hafichiki.

MZEE: Tina Brooks.

MTANGAZAJI: Nani?

MZEE: Umejijibu. Alikuwa mwanamume, jina la Tina ni la utani. Saksafoni ya tena, tamu, yenye huzuni isiyojitangaza. Kampuni ya Blue Note ilimwita studio mara nne kuongoza bendi yake mwenyewe, kati ya 1958 na 1961. Ikalipa wapigaji, ikarekodi. Albamu moja tu, *True Blue* ya mwaka 1960, ndiyo iliyotoka akiwa hai. Nyingine, *Back to the Tracks*, ilishapewa namba na jalada lake likatengenezwa, halafu ikabaki kabatini. Akafariki mwaka 1974 akiwa na miaka 42. Yaliyobaki kabatini yakaanza kutolewa miaka ya themanini. Na kwenye *True Blue* tarumbeta kapiga Freddie Hubbard, ambaye najua unampiga.

MTANGAZAJI: Hubbard nampiga sana.

MZEE: Mwaka huohuo Tina Brooks yumo kwenye *Open Sesame*, albamu ya kwanza ya Hubbard. Umeshaipiga redioni. Umeshampiga Tina Brooks, mwanangu, ila hukumtaja.

MTANGAZAJI: Hapo umenibana. Lakini na mimi nina la kusema ambalo hamtalipenda. Nawajua hao wapenzi wa santuri adimu. Mtu anakutajia albamu ambayo huijui, uso wake unang'aa; ukimwambia umeipata na umeipenda, anaanza kuisema vibaya. Kwao raha ni kuwa nacho wenzio wasichonacho. Muziki ni kisingizio. Mnataka nilee tabia hiyo redioni?

Katika hili yuko sahihi, na nilifurahi wengine hawakulikwepa. Biashara ya santuri za zamani imejaa watu wanaonunua uadimu. Kuna albamu ambazo bei yake imepanda kwa sababu tu zilichapwa nakala chache, na ukizisikiliza unakuta bendi isiyofanya mazoezi ya kutosha.

MZEE: Mimi nitakupa mfano wa albamu adimu ninayoipenda na ina kasoro, ili usinione mwongo. *Jazz Sahara*, ya Ahmed Abdul-Malik, 1958. Huyu kazaliwa Brooklyn, kazi yake besi, lakini alijifunza udi. Akawakusanya wanamuziki wa Kiarabu wa New York: kanuni Jack Ghanaim, fidla Naim Karacand, na dumbaki. Juu yao akamwalika Johnny Griffin na saksafoni yake ya tena. Mara ya kwanza kuisikia nilishtuka. Nimelelewa na kanuni, sikujua kuwa ilishakaa chumba kimoja na saksafoni ya jazz kabla hata sijaota ndevu.

MTANGAZAJI: Na kasoro?

MZEE: Griffin ni mgeni mle ndani. Anapiga vizuri sana, ana kasi, lakini kuna sauti katika maqam, zile ngazi za muziki wa Kiarabu, ambazo kanuni inazitoa na yeye hazigusi. Anapita pembeni yake. Nyakati nyingine unasikia muziki wa aina mbili unaotembea sambamba. Anayejua taarab atalisikia hilo upesi. Ila kuna mahali Griffin anapunguza maneno, anaachia kanuni imwongoze, na pale ndipo ninaposema hawa watu walikuwa wanatafuta kitu kikubwa. Albamu iliyokamilika hainifundishi hivyo.

MWIMBAJI: Na uliifikiaje, Mzee? Mwambie hilo, kwa kuwa ndilo muhimu.

MZEE: Kupitia Thelonious Monk. Kijana mmoja alinipa *Misterioso*, ile iliyorekodiwa Agosti 1958 kwenye klabu ya Five Spot, New York. Nikapenda besi. Nikageuza jalada kutazama nani anapiga: Ahmed Abdul-Malik. Saksafoni: Johnny Griffin. Jina la Kiislamu likanivuta, nikatafuta kama mpiga besi huyu ana kazi yake mwenyewe. Ndiyo hiyo *Jazz Sahara*, miezi miwili tu baada ya *Misterioso*, na Griffin yuleyule. Sikuambiwa na mtaalamu yeyote. Imeandikwa nyuma ya jalada.

MTANGAZAJI: Siku hizi hakuna jalada, Mzee. Vijana wanasikiliza kwenye simu. Programu yenyewe inakupendekezea.

MWIMBAJI: Inakupendekezea kinachofanana na ulichokwisha kusikiliza. Ukimsikiliza Miles, inakuletea Coltrane. Ukimsikiliza Coltrane, inakurudisha kwa Miles. Haina njia ya kukuambia kwamba yule mpiga besi uliyempenda alikwenda nyumbani akachukua udi. Tena mara nyingi majina ya wapigaji hayaonekani; unaona jina la kiongozi na picha. Hapo ndipo wewe unapohitajika, kaka. Kazi ambayo jalada lilikuwa linaifanya, sasa ni ya kinywa chako.

Walibishana hapa kwa muda kuhusu bando, bei na vijana, nayaruka. Kilichofuata ndicho kilichonifanya nitake kuandika.

MZEE: Basi tumfuate huyohuyo mpiga besi tuone anatufikisha wapi. Abdul-Malik alikuwa rafiki wa utotoni wa Randy Weston, mpiga piano, wote watoto wa Brooklyn. Katika albamu za mwanzo za Weston, miaka ya hamsini, besi mara nyingi ni yeye. Weston alikuwa mtu mrefu kupindukia, mikono mipana, anapiga piano kwa uzito. Na Weston mwaka 1960, tarehe 16 mpaka 18 Novemba, aliingiza studio New York bendi ya watu zaidi ya ishirini kurekodi *Uhuru Afrika*.

MTANGAZAJI: Jina ni la Kiswahili.

MZEE: Ngoja. Mwaka huo nchi 17 za Afrika zilipata uhuru. Weston akataka kazi kubwa ya sehemu nne kuuadhimisha. Maneno akamwomba Langston Hughes, mshairi. Akataka lugha ya Kiafrika isikike humo; akauliza watu wa Umoja wa Mataifa, wakamwelekeza kwenye Kiswahili. Shairi la Hughes likatafsiriwa na Tuntemeke Sanga, Mtanganyika aliyekuwa New York wakati huo, na ni yeye mwenyewe anayelisoma mwanzoni mwa albamu. Ngoma zinaanza, kisha unasikia Kiswahili chetu, sauti ya mtu wa nyumbani, mwaka mzima kabla Tanganyika haijashusha bendera ya Mwingereza. Max Roach na Babatunde Olatunji wako nyuma yake. Freddie Hubbard wako yumo. Yusef Lateef yumo. Clark Terry yumo.

MTANGAZAJI: Na mimi nimeendesha kipindi cha jazz kwa Kiswahili miaka yote hii.

MWIMBAJI: Serikali ya makaburu iliipiga marufuku Afrika Kusini mwaka 1964. Hilo nalo ni chekeche?

Nilimwona Mtangazaji ameguswa. Hata hivyo hakulegea, na swali alilouliza lilikuwa zuri kuliko yote aliyouliza jioni ile.

MTANGAZAJI: Nauliza kwa nia njema. Je, mnaipenda kwa sababu ni nzuri, au kwa sababu inasema Kiswahili? Ingekuwa Sanga anasoma Kihausa, mngeipa heshima hii?

MWIMBAJI: Mimi Kiswahili kilinifanya niiguse. Kilichonibakiza ni sehemu ya pili, *African Lady*, ambayo inaimbwa kwa Kiingereza. Martha Flowers anaimba kwa sauti ya opera, juu kabisa, na Brock Peters kwa besi ya kifua. Hughes aliandika kumheshimu mwanamke Mwafrika. Na sikiliza tarumbeta na tromboni zilivyopangwa chini ya hizo sauti: zinasogea pamoja, zinaacha nafasi, zinarudi na rangi nyingine. Nilijiuliza nani kapanga haya. Ni mwanamke, Melba Liston.

MZEE: Kapanga albamu nzima.

MWIMBAJI: Nzima. Liston alikuwa mpiga tromboni tangu msichana, akapiga kwenye bendi kubwa ya Dizzy Gillespie, kisha miaka mingi akawa mpangaji wa muziki wa Weston. Wanaume wengi waliosifiwa kwa mlio wa bendi zao walikuwa wanapiga alichoandika yeye. Katika maisha yake yote ametoa albamu moja tu iliyo chini ya jina lake peke yake, *Melba Liston and Her 'Bones*, iliyorekodiwa mwaka 1958. Kajikusanyia wapiga tromboni wenzake, Jimmy Cleveland na Al Grey wakiwa miongoni mwao, na kawapa kazi. Tromboni kadhaa pamoja zinaweza kuwa nzito, zikachosha. Kwa Liston zinazungumza, kila moja na tabia yake. Unaposema wakati umechekecha, kaka, naomba uniambie Melba Liston alipita tundu gani.

MTANGAZAJI: Sina jibu.

MZEE: Na mimi kwa kuwa ni mtu wa nyuzi za kudonoa, nimtaje Dorothy Ashby wa Detroit. Kinubi. Ala ya kanisani na ya orkestra za Kizungu, watu wakasema jazz haiingii humo. Mwaka 1958 karekodi *Hip Harp* pamoja na filimbi ya Frank Wess kutoka bendi ya Count Basie. Hapambi, hamwagi nyuzi zote kwa mkupuo kama kwenye filamu. Anachagua sauti moja moja, anapiga mdundo, anajibizana na filimbi. Mwaka 1968 akatoa *Afro-Harping*, na vijana wa hip hop baadaye wakakata vipande vyake wakavitumia.

MWIMBAJI: Na wengi wamemsikia bila kujua. *If It's Magic* ya Stevie Wonder, 1976: kile kinubi ni chake.

Sikutarajia waimbaji wanaume watajwe, lakini Mtangazaji ndiye aliyewaleta, kwa shauku ya mtu anayeanza kuona njia mwenyewe.

MTANGAZAJI: Kwa mtindo wenu huo, na mimi nina mmoja. Wote wanaijua albamu ya Johnny Hartman na John Coltrane ya 1963. Nimeipiga mpaka imechubuka. Sijawahi kuuliza Hartman alifanya nini kingine.

MWIMBAJI: Mwaka huohuo, kampuni ileile ya Impulse, alirekodi *I Just Dropped By to Say Hello*. Piano Hank Jones, ngoma Elvin Jones, saksafoni Illinois Jacquet. Mwanamume anayeimba mapenzi bila kujigamba. Watu wakamrudia mwaka 1995, Clint Eastwood alipoweka sauti yake kwenye filamu ya *The Bridges of Madison County*. Hartman alishakufa miaka 12 kabla. Na kwa kuwa leo tumeamka na uhuru, mtafute Andy Bey. Sauti nene inayoshuka na kupanda kama ipendavyo. Anaimba kwenye *Harlem Bush Music: Uhuru* ya Gary Bartz, 1971; robo karne baadaye akakaa peke yake na piano yake, akatoa *Ballads, Blues & Bey*. Isikilize usiku, bila kufanya kazi nyingine.

MZEE: Msiwasahau walio hai.

MWIMBAJI: Somi. Wazazi wake wametoka Rwanda na Uganda, yeye kazaliwa Illinois. *Petite Afrique* ya 2017 ameitunga juu ya Waafrika wa Harlem, madereva wa teksi na wenye maduka. Tunazungumza habari za jirani zetu.

MTANGAZAJI: Sawa. Lakini bado nasema anayeanza aanzie *Kind of Blue*. Sitabadilika hapo. Ukimwanzishia mtu *Jazz Sahara*, atazima redio.

MWIMBAJI: Nani kakukataza? Anza hapohapo. Nani anapiga besi kwenye *Kind of Blue*?

MTANGAZAJI: Paul Chambers.

MWIMBAJI: Na piano kwenye *Freddie Freeloader*?

MTANGAZAJI: Wynton Kelly. Bill Evans kapiga zilizobaki.

MWIMBAJI: Chambers na Kelly hao, miaka miwili kabla, walikuwa nyuma ya Abbey Lincoln kwenye *That's Him!*, pamoja na Sonny Rollins na Max Roach. Ni miongoni mwa albamu za mwanzo kabisa za Abbey. Kwenye *Don't Explain* Kelly kaacha piano, kashika besi. Sauti ya mwanamke na mpiga piano anayehangaika na nyuzi nne. Ni nyimbo chache nilizosikia zinazofika hapo. Kutoka kwenye santuri unayoipenda kuliko zote mpaka kwa Abbey Lincoln ni jina moja tu, na wewe jina hilo unalijua. Jumapili ukimaliza kumpiga Miles, litamke.

MTANGAZAJI: Nikisoma majina ya *Uhuru Afrika* yote, dakika mbili zimekwenda. Ofisini watalalamika.

MZEE: Walalamike. Anza na Liston na Sanga.

MTANGAZAJI: Liston, Sanga, Hubbard, Lateef, basi. Wengine wiki inayofuata. Na wiki hii nabaki na Miles wangu.

MZEE: Baki naye, ila mtendee haki Chambers. Ana albamu yake, *Bass on Top*, 1957. Kibao cha kwanza anapiga besi kwa upinde, kama fidla kubwa.

MTANGAZAJI: Pamoja na nani?

MZEE: Piano Hank Jones, yule wa Hartman. Ngoma Art Taylor. Gitaa Kenny Burrell, ambaye pia yumo kwenye *Uhuru Afrika*.